Kugeuza Si Kuondoa: Namba Moja Tunafaa Kuuliza Kuhusu Majitaka ya Nairobi

Wasee, leo tuongee kuhusu mkojo. Sitanii.

Tukianza stori ya Mto Nairobi huwa tunaongea kuhusu vitu tunaona na vitu tunanusa. Plastiki. Povu. Maji meusi. Ile harufu ukivuka daraja Gikomba. Mwanasiasa anakuja na glavu mpya, anapigwa picha akiokota chupa, sisi nasi tunaposti picha za kabla na baada, tunapiga makofi. Sikatai, chupa ziokotwe. Lakini kuna uchafu mwingine kwenye huo mto ambao hauna rangi, na unaweza kuwa kwenye glasi ya maji maangavu kabisa bila wewe kujua. Ni naitrojeni.

Maoni yangu ni haya. Mji unaweza kutumia mabilioni kujenga mtambo wa kusafisha majitaka, utepe ukakatwa, maji yakatoka yakionekana safi, na naitrojeni ikaendelea kuingia mtoni karibu yote vile ilikuja. Tofauti itakuwa moja tu: itakuwa imebadilisha jina.

Kugeuza si kuondoa. Hiyo ndiyo posti nzima. Kama una haraka, enda na hiyo. Kama una dakika kumi, kaa hapa tufanye hesabu.

Magunia 700 kwa siku

Protini unayokula, iwe ni ndengu, omena ama nyama choma ya Jumapili, ina naitrojeni ndani. Mwili ukishachukua unachohitaji, inayobaki lazima itoke, na sehemu kubwa, kama asilimia 80, inatoka na mkojo. Mtu mmoja hutoa kati ya gramu 7 na 13 hivi kwa siku, kulingana na anachokula. Ni kama kijiko kidogo. Hakuna mtu anaweza kupoteza usingizi juu ya kijiko.

Sasa leta mji mzima. Tuseme, kwa mfano, watu milioni mbili ndio vyoo vyao vimeunganishwa na mabomba ya majitaka, na kila mmoja anatoa gramu 8. Hizo ni tani 16 za naitrojeni kila siku. Mbolea ya urea ni asilimia 46 naitrojeni, kwa hivyo tani 16 ni sawa na tani 35 hivi za urea. Weka kwenye magunia ya kilo 50. Unapata karibu magunia 700.

Kila siku, wasee. Fikiria malori yamejipanga darajani, vijana wanapasua magunia moja baada ya lingine na kumwaga mtoni kutoka asubuhi mpaka jioni, Krismasi na Idi zikiwemo. Hiyo ingekuwa habari ya kwanza saa moja usiku. Lakini kwa sababu inapita ndani ya bomba, hakuna anayeshtuka.

Mbolea shambani ni baraka. Ndani ya maji inaleta shida tatu. Kwanza, naitrojeni ikiwa bado ni amonia inaua samaki, na kadiri maji yanavyokuwa ya joto na yenye magadi zaidi ndivyo sumu yake inavyozidi. Pili, bakteria wa mtoni wakianza kuigeuza hiyo amonia wanakula oksijeni vibaya sana: gramu moja ya naitrojeni inameza zaidi ya gramu nne na nusu za oksijeni. Hiyo ni oksijeni imetolewa mdomoni mwa samaki. Tatu, ikishageuka kuwa naitreti inalisha mwani na gugumaji, hasa mahali maji yametulia. Weka hiyo ya tatu kando, tutairudia.

Bomba linahamisha, haliondoi

Sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi inaishia kwenye mabwawa ya Ruai. Kwenye karatasi yanaitwa mtambo wa Dandora, lakini ukienda Dandora hutayapata, yako mbele huko Ruai, mashariki mwa mji. Ni mfululizo wa mabwawa makubwa. Majitaka yanaingia kwenye bwawa refu kwenda chini lisilo na hewa, uchafu mzito unakaa chini na kuoza. Yanapita kwenye bwawa la pili, mwani na jua vinafanya kazi. Halafu mabwawa ya mwisho, jua linamalizia viini vya magonjwa. Kisha maji yanaingia Mto Nairobi, mto unaingia Athi.

Nataka niwe mkweli hapa kwa sababu watu hupenda kudharau mabwawa. Mabwawa ni kazi nzuri. Hayahitaji stima. Hayahitaji vipuri kutoka Ujerumani. Yakitunzwa, yasipojaa tope, yanaua viini kushinda mitambo mingi ya bei ghali. Kwa nchi yenye jua kama yetu, ni akili.

Lakini bwawa halina swichi.

Naitrojeni bwawani inatoka vile inavyotaka. Nyingine inapaa hewani kama amonia mwani ukishafanya maji yawe na magadi mengi mchana wa jua kali. Nyingine inaliwa na mwani wenyewe, halafu huo mwani unatoka na maji na kuingia mtoni, kwa hivyo hapo hujaondoa kitu, umeivalisha nguo ya kijani tu. Nyingine inazama na tope. Wiki ya mawingu, mambo yanabadilika. Majitaka yakizidi uwezo wa bwawa, mambo yanabadilika tena. Hakuna mtu ameketi mahali anaamua leo naitrojeni itoke kiasi gani. Na kitu ambacho hakuna mtu anaamua, hakuna mtu unaweza kumuuliza.

Kuna kitu kingine hatusemi. Karibu nusu ya watu wa Nairobi bado hawajaunganishwa na bomba la majitaka. Wana vyoo vya shimo na mashimo ya kuzolewa. Kila mtu anasema suluhisho ni kuwaunganisha, na mimi nakubali, mtoto hafai kucheza kando ya mtaro wa kinyesi. Lakini fikiria hiyo naitrojeni. Leo iko chini ya maelfu ya mashimo, inanyonywa polepole na udongo na kuharibu visima vya jirani. Ukishavuta bomba, unaikusanya yote na kuileta mahali pamoja, kwa mto mmoja, kila siku. Usipokuwa na njia ya kuiondoa mwisho wa bomba, umehamisha shida kutoka kisima cha jirani mpaka kwa mto wa watu wa chini. Kila kilomita ya bomba tunayoongeza inafanya swali la naitrojeni kuwa kubwa zaidi, si dogo.

Machi 2025 Rais Ruto alizindua mradi wa kufufua Mto Nairobi, na ndani ya mipango hiyo kuna mabomba makubwa ya majitaka na mtambo mpya. Ndiyo maana naandika sasa. Mtambo ukishamwagwa zege, ni miaka 30 ama 40. Hautabadilisha mawazo baada ya kukata utepe.

Timu mbili ambazo haziwezi kukaa chumba kimoja

Sasa twende kwa mambo ya ndani. Usitoroke, hii ni kemia ya kidato cha tatu.

Kuondoa naitrojeni kwa majitaka ni kazi ya timu mbili za bakteria. Timu ya kwanza inachukua amonia na kuigeuza kuwa naitreti. Hawa wanataka hewa, tena nyingi. Wanazaana polepole sana, wanachukia mabadiliko ya ghafla, na ukiwaondoa tangini haraka kuliko wanavyozaana, wanaisha na kazi inasimama. Timu ya pili inachukua naitreti na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, ile ile imejaa kwenye hewa tunayopumua. Inapaa, imeenda, haina madhara. Lakini hawa wa pili wanafanya hivyo wakikosa hewa peke yake. Ukiwapa oksijeni wanaacha naitreti na kula oksijeni, kwa sababu ni rahisi. Na lazima wawe na chakula, yaani kaboni, ule uchafu mwenyewe wa majitaka.

Kwa hivyo timu moja inataka hewa, nyingine haitaki hata kuisikia. Kazi yote ya kudhibiti naitrojeni ni kupanga hizo timu mbili: nani anafanya kazi wapi, kwa muda gani, na hewa iwashwe lini na izimwe lini.

Mtambo ukiwa na timu ya kwanza pekee, umegeuza. Hujaondoa. Amonia imeingia, naitreti imetoka, idadi ya naitrojeni ni karibu ile ile. Samaki wa hapo karibu watakushukuru, lakini mwani wa kule mbele utakushukuru zaidi.

Na hewa si bure. Kwenye mtambo wa matangi ya tope hai, mashine za kupuliza hewa ndizo hula stima nyingi, mara nyingi nusu ya bili nzima ama zaidi. Ukipuliza kidogo, amonia inapita. Ukipuliza kupita kiasi, unalipa stima bure, hewa inafuata maji mpaka kwenye tangi la timu ya pili na kuwaharibia kazi, na kaboni waliyohitaji inaliwa mapema. Ukikaa katikati bila mpango, kazi inafanyika nusu nusu na inatoka gesi inaitwa naitrasi oksaidi, ambayo inapasha dunia joto zaidi ya mara 270 kuliko kaboni dioksaidi, kilo kwa kilo. Hapo umesafisha maji kwa kuchafua hewa.

Halafu kuna saa. Alfajiri Nairobi nzima inaamka na kitu cha kwanza ni choo. Hilo wimbi la amonia linasafiri kwenye bomba na kufika mtamboni saa kadhaa baadaye. Usiku wa manane hakuna kitu, maji mepesi. Mtambo unaopuliza hewa kiasi kile kile saa nane usiku na saa nne asubuhi unakosea mara mbili: usiku unachoma pesa, asubuhi unashindwa na kazi. Mtambo unaodhibitiwa una kipimio cha amonia kwenye tangi, kinasoma kila dakika chache, na hewa inapanda na kushuka kufuata kile kipimio. Siku hizi miji mingi inafanya hivyo. Wazo lenyewe ni rahisi kama mama anayepunguza moto wa ugali akiona maji yanataka kufurika. Anaangalia sufuria, haangalii kalenda.

Kuna zawadi pia, na hii huwa haisemwi. Timu ya pili, ikifanya kazi vizuri, inarudisha sehemu ya gharama. Ile naitreti inatumika badala ya oksijeni kula uchafu, kwa hivyo zaidi ya nusu ya oksijeni uliyotumia kutengeneza naitreti unaipata tena. Pia inarudisha karibu nusu ya magadi ambayo timu ya kwanza ilikula, na bila hayo magadi maji yanakuwa na asidi na timu ya kwanza inagoma. Kuondoa naitrojeni yote mpaka mwisho kunaweza kukupunguzia bili kuliko kuishia nusu ya safari. Na sisi tuna joto la kutosha. Kule Ulaya wahandisi wanahangaika kila baridi ikiingia kwa sababu timu ya kwanza inalala. Majitaka ya Nairobi hayajawahi kuona theluji.

Sheria ilipima jina

Kanuni za Ubora wa Maji za 2006, zile za chini ya sheria ya mazingira, ziliweka kwamba maji yakitoka mtamboni kwenda kwa mazingira, BOD, yaani kile kipimo cha uchafu unaokula oksijeni, isizidi miligramu 30 kwa lita. Sawa, hiyo ni kali ya kutosha. Ulaya ni 25.

Sasa angalia naitrojeni. Kanuni zilisema chukua amonia uzidishe mara nne, ongeza naitreti na naitraiti, jumla isizidi 100.

Fanya hesabu na mimi. Majitaka ya nyumbani huwa na naitrojeni kama miligramu 40 hadi 80 kwa lita. Tuchukue 60. Ikitoka kama amonia, unazidisha mara nne, 240, umeanguka mtihani. Vizuri, kwa sababu amonia ni sumu. Lakini mtambo ukigeuza hiyo 60 yote iwe naitreti, jumla ni 60. Umepita. Tena umepita na nafasi ya 40 imebaki.

Umeona mchezo? Naitrojeni ni ile ile. Magunia ni yale yale 700. Kipimo kilipima jina, hakikupima mzigo. Na 60 ya naitrojeni ikiwa naitreti ni zaidi ya mara tano ya kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kisizidi kwenye maji ya kunywa, kiwango kilichowekwa kulinda watoto wachanga, kwa sababu naitreti ikizidi damu yao inashindwa kubeba oksijeni. Ndiyo, mto utaichanganya na maji mengine. Lakini mwezi wa Januari mto wenyewe hauna maji mengine ya kuchanganya.

Linganisha na Ulaya. Tangu 1991, sheria yao ilisema mji wa zaidi ya watu 100,000 unaomwaga kwenye maji yaliyo hatarini kujaa mwani, jumla ya naitrojeni isizidi miligramu 10 kwa lita, ama mji uonyeshe umepunguza asilimia 70 hadi 80. Jumla. Hawakuuliza iko kwa jina gani. Sisemi tuige 10 kesho asubuhi. Nasema tupime kitu sahihi.

Tusiseme ni teknolojia ya wazungu, angalia Johannesburg

Nikiandika vitu kama hivi kuna wale huja kwa komenti: "Hizo ni vitu za Ulaya, sisi tuko Afrika." Haya. Mmoja wa watu walioonyesha dunia jinsi ya kupanga yale matangi ni James Barnard, injinia wa Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akifanya majaribio Pretoria, aliweka tangi lisilo na hewa mbele, mahali majitaka mabichi yenye kaboni yanaingia, halafu akawa anarudisha maji yenye naitreti kutoka nyuma kuja hapo mbele. Timu ya pili ikapata chakula bure. Mpango wake unaitwa Bardenpho, jina limetoka kwake, na unatumika mabara yote. Mwaka wa 2011 Singapore ilimpa tuzo ya maji ya Lee Kuan Yew. Kwa hivyo teknolojia hii ilizaliwa barani, zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Lakini Afrika Kusini inatufundisha kitu cha pili, na hiki ndicho kinaniuma. Chini ya Johannesburg kuna bwawa linaitwa Hartbeespoort. Mto Jukskei unatoka mjini, unapokea maji ya mtambo mkubwa wa kaskazini mwa mji, unaingia Mto Crocodile, na Crocodile inaingia bwawani. Hilo bwawa limekuwa la kijani kwa miongo. Mwani, gugumaji, harufu, samaki kufa. Nchi iliyovumbua dawa ikaugua ugonjwa wenyewe.

Kwa nini? Kwa sababu mtambo si dawa. Mtambo ni sufuria, na sufuria haipiki. Serikali yao ilianzisha mwaka wa 2008 mpango unaitwa Green Drop: kila mfumo wa majitaka wa manispaa unakaguliwa, unapewa alama, na alama zinachapishwa kila mtu aone. Ripoti ya 2013 ilikuta mifumo 248, asilimia 29, iko hali mahututi. Halafu ripoti zikanyamaza karibu miaka tisa. Ziliporudi 2022, mifumo mahututi ilikuwa 334, asilimia 39. Sisemi kunyamaza peke yake ndiko kulileta hiyo hali. Kuna pesa, kuna wafanyakazi, kuna stima kupotea. Lakini mitambo ilizidi kuoza wakati hakuna mtu alikuwa anasoma matokeo hadharani. Hiyo si bahati mbaya.

Sasa tuangalie Thwake

Tangu 2018 kunajengwa bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, pale Mto Athi na Mto Thwake zinapokutana. Limepangwa kushika zaidi ya mita za ujazo milioni 600 za maji. Ya kunywa, ya kumwagilia, ya stima. Watu wa Ukambani wamengoja maji kwa maisha yao yote. Wengine wamezeeka wakisikia ahadi ya maji.

Na Athi inatoka wapi? Inabeba Mto Nairobi. Inabeba Ruai.

Mtoni, maji yanakimbia, mwani haupati nafasi ya kutulia. Bwawani maji yanasimama. Jua la Makueni mnalijua. Maji yaliyosimama, jua, na magunia 700 kwa siku kutoka juu. Ni kama kupanda shamba bila kukusudia. Ni ukweli kwamba naitrojeni si mshtakiwa peke yake, fosforasi inahusika sana kwenye mabwawa, na mbolea ya mashamba ya juu inachangia pia. Mtambo mzuri unashughulika na zote mbili, na ule mpango wa Barnard ulifanywa kwa ajili hiyo. Lakini huwezi kumwambia mama wa Makueni kwamba maji yake yamefika, halafu afungue mfereji atoe maji ya kijani. Hartbeespoort ni picha ya Thwake kama hatutafanya kitu. Jiji juu, mto katikati, bwawa chini. Ramani ni moja.

Wale mnapinga, nawasikia

Kuna hoja tatu huwa napata, na si za kijinga.

Ya kwanza: "Wakulima wanataka hiyo naitrojeni, mbolea ni bei, kwa nini uipoteze hewani?" Nakubali nusu. Kama maji yamesafishwa viini, hayana sumu za viwanda, na yanaenda shambani moja kwa moja, iache naitrojeni humo, mkulima aitumie. Hiyo pia ni udhibiti, umeamua iende wapi. Lakini kile kinafanyika sasa, watu kupasua bomba na kumwagilia sukuma kwa majitaka mabichi yenye mayai ya minyoo, huo si mpango wa mbolea. Na mvua ikinyesha hakuna mkulima anamwagilia, ile naitrojeni inaenda mtoni yote.

Ya pili: "Stima yetu ni ghali na inapotea." Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema tusinunue mtambo unaopuliza hewa bila akili. Vile vipimio ni sehemu ndogo ya gharama ya mtambo mzima, na kazi yake kubwa ni kupunguza stima. Shida ni kwamba kipimio kinataka kusafishwa, kurekebishwa, mtu wa kukitazama. Kipimio kichafu kinadanganya kushinda kukosa kipimio. Kwa hivyo bajeti ya mtambo lazima iwe na mishahara ya mafundi, na si zege peke yake. Tuna vijana wangapi wamesoma kemia na wako nyumbani?

Ya tatu: "Wewe ni injinia?" Hapana. Sikumaliza hata chuo. Lakini kuzidisha gramu 8 kwa watu milioni mbili haihitaji digrii, na kama hesabu yangu ina kasoro, wale walio na namba za kweli wazilete. Ningefurahi sana. Hizo namba ndizo naomba.

Kwa hivyo tuulize nini

Wahandisi wanajua haya yote kuliko mimi. Kile hawana ni raia wanaouliza. Injinia akienda kuomba pesa za tangi lisilo na hewa, anaulizwa "hiyo inaonekana wapi?" Haionekani. Haina picha ya utepe. Sisi ndio tunafaa kuifanya ionekane.

Mtambo mpya ukitangazwa, usiulize tu ni lita milioni ngapi kwa siku. Uliza kama una sehemu ya timu ya pili, kwa sababu ukijengwa bila hiyo, kuiongeza baadaye ni shida. Huwezi tu kuweka tangi mwisho wa mabwawa ya Ruai na useme timu ya pili ifanye kazi pale, kaboni yao imeshaliwa huko mbele. Lazima ipangwe tangu mwanzo.

Uliza nani atatazama vipimio baada ya mkandarasi kuondoka.

Na zaidi ya yote, uliza hii namba moja: jumla ya naitrojeni inayotoka mtamboni, miligramu kwa lita, mwezi huu. Si amonia peke yake. Si BOD peke yake. Jumla. Ichapishwe kila mwezi, iwekwe kando ya ile iliyoingia, tuone tofauti. Hiyo tofauti ndiyo kazi iliyofanyika. Kama iliingia 60 na ikatoka 55, hata maji yawe maangavu kama ya chupa, tumenunua mtambo wa kubadilisha majina.

Muulize MCA wako. Muulize gavana akija kwa redio. Ukiwa Makueni ama Kitui, uliza kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu nyinyi ndio mko chini ya bomba. Andika barua, tuma ujumbe, uliza kwa kikao cha maoni ya bajeti. Wakikujibu, niletee jibu hapa niliposti vile lilivyo. Wakikosa kukujibu, niambie pia. Hilo nalo ni jibu.